Upenuni mwa Nyumba ya Gesi

Watu wa mjini waliliita gofu. Sisi tuliliita Nyumba ya Gesi: jengo refu la mawe kando ya reli, la enzi za Mjerumani, ambamo zamani ilitengenezwa gesi ya kuwashia taa za stesheni. Taa hizo sikuzikuta. Nilizaliwa jengo limeshakuwa stoo, baba akiwa mlinzi wake, nasi tukiishi chumba cha nyuma. Mvua ikinyesha kuta zilinuka ile gesi ya zamani, kama kitunguu saumu, na mama alimfokea baba utadhani ndiye aliyezijenga.

Kabla yangu alizaliwa dada yangu. Hakufikia hata siku ya kutolewa nje. Kwetu mtoto wa hivyo hapelekwi makaburini. Wanawake humzika upenuni, karibu na mama yake, wala hapawekwi alama. Mama alimzika chini ya dirisha la mwisho. Alama ya nini, na jengo lenyewe lipo? Nani angedhani mawe yale yangekuja kuondoka?

Mwaka huu tukasikia linabomolewa, pajengwe maegesho ya magari. Mama, ambaye sasa anaishi Hombolo, akanipigia simu. "Nipeleke nikamchukue mwenzio." Alitaka udongo wa pale, akauzike upenuni kwake kabla hawajamwaga zege. Nikamwambia apumzike, nitakwenda mwenyewe.

"Kwani wewe unamjua?" akanikatiza. Basi, nikaenda kumchukua.

Tulipofika, ukuta haupo. Lo! Pamesawazishwa, pekundu, patupu, tingatinga linaunguruma. Dereva wake akazima injini, akashuka.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Namtafuta mwanangu."

Akanitazama mimi, nikamweleza. Akavua kofia, akaanza kuzunguka na mama. "Dirisha lilikuwa hapa, mama. Au hapa." Jamani, hata yeye aliyeubomoa ukuta hakukumbuka.

Mwishowe mama akapiga magoti, akachota udongo, akaufunga kwenye kanga. Nikashusha pumzi. Lakini kufika langoni akasimama, akafungua kanga, akaumwaga wote.

"Mama, kwa nini tena?"

"Nisije nikazika udongo wa watu, mwanangu akabaki hapa peke yake ananingoja."

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilitaka kumwambia udongo ni udongo tu, twende zetu. Nikamshika mkono. Naye akaugeukia ule uwanja, akaaga huku, akaaga na kule, kwa kuwa hakujua aage wapi.