Sauti ya Scholastika Ndani ya Filamu

Mtu asikudanganye kwamba Scholastika wa Kinole alizaliwa na hasira. Hasira alitiwa, tena na watu wanaompenda, na ndiyo maana hazimtoki.

Mama huyu analima ndizi na mdalasini kama wenzake, ila ndiye mwalimu wa kwaya kigangoni, na miaka mingi iliyopita alitunga mchezo wa kuimba. Kuimba kweli kweli! Hakuna anayeongea tangu mwanzo hadi mwisho. Hata anayeomba maji ya kunywa anayaomba kwa wimbo. Mchezo wenyewe unamhusu mjomba anayetaka kumuuzia mgeni shamba la ukoo, na dada yake anayemkatalia. Kwa Waluguru shamba ni la upande wa mama, kwa hiyo neno hilo linaingia mifupani. Mjomba huchezwa na Laurenti, kaka yake Scholastika wa tumbo moja, na dada mtu ni Scholastika mwenyewe. Akisimama akaimba, "Kaka, shamba umelikuta," uwanja mzima unapokea, "Na utaliacha!" Kila sikukuu ya parokia ni hivyo, mpaka watoto wa kubebwa mgongoni wanalijua jibu hilo.

Mwaka juzi shingo ikaanza kuvimba. Daktari mjini akamwambia rovu lile litolewe, na akamweleza bila kumficha kwamba sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Scholastika hakulia. Alimwambia Laurenti jambo moja tu.

"Kaka, miaka yote hii naimba, na sijawahi kujisikia. Nataka nijisikie hata mara moja kabla sauti haijapotea."

Watu walikuwa wamemrekodi kwenye simu zao, ndiyo, lakini humo unausikia uwanja, humsikii yeye.

Ndipo akatokea Abdulmajid, kijana wa Morogoro mjini anayetengeneza filamu.

"Shikamoo mama. Ule mchezo wako nataka niufanye filamu."

"Marahaba mwanangu. Ufanye, tena haraka."

Mama alimshukuru Mungu mapema mno. Kesho yake tu kijana akaanza kukata. "Mama, mtazamaji wa filamu havumilii mtu anayeimba hata akiomba maji. Hapa wataongea."

"Na hapa?"

"Hapo pia wataongea."

"Na dada mtu anapomkatalia kaka yake?"

Abdulmajid akajikuna kichwa. "Hapo wacha uimbe."

Lo! Mchezo mzima ukabaki wimbo mmoja. Roho ilimuuma Scholastika, lakini akameza. Huo mmoja ndio aliokuwa akiutaka.

Siku ya kupiga picha watu wakaambiwa wanyamaze, inatakiwa sauti ya mama peke yake. Wakasema sawa. Scholastika akaimba, "Kaka, shamba umelikuta," na uwanja wote: "Na utaliacha!"

"Kata! Jamani, si nimesema?" Abdulmajid akafoka.

Wakaomba radhi. Wakarudia. Wakajibu tena, na wa kwanza kujibu alikuwa Laurenti, ambaye ndiye anayekataliwa! Mazoea yana tabu. Abdulmajid akawafukuza wote, akabaki na mama na kamera tu. Mama akaimba. Kutoka ng'ambo ya bonde, wanawake waliokuwa wakipalilia wakanyoosha migongo, wakajibu, "Na utaliacha!", tena wamegawana sauti, ya kwanza na ya pili.

"Hawa watu wako wakoje, mama?" Abdulmajid aliuliza, karibu alie.

"Hata mimi wamenichosha," Scholastika akasema.

Ikabidi ateremke mjini akarekodiwe studio; mbele ya kamera angefungua mdomo tu. Wakamfungia kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza.

"Mbona umekwama, mama?"

"Nawasubiri wajibu."

"Humu hakuna wa kujibu. Endelea tu."

Alijaribu weee, wapi! Kila mstari anaacha nafasi. Mwishowe Abdulmajid akasema basi, ziache nafasi zako, zinapendeza. Mama alipotaka asikilizishwe, umeme ukakatika.

"Utajisikia kwenye filamu, mama. Usijali."

Usijali! Anayesema usijali hana miadi ya kupasuliwa shingo.

Alipasuliwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Sauti ilirudi ikikwaruza kama mlango wa bati.

Filamu ilipoletwa ukumbi wa parokia, Kinole nzima ilijaa humo. Scholastika aliketi mbele kabisa. Ulipofika wimbo, akainamisha kichwa asikie vizuri. "Kaka," akajisikia akisema, na hapohapo ukumbi ukamfunika. Waliimba wote, mistari yake na majibu yao, na vigelegele juu. Aligeuka awanyamazishe, sauti haikutoka. Akamvuta Laurenti shati. Laurenti akadhani dada amefurahi, akazidisha. Wakadai irudiwe. Ikarudiwa, nao wakaimba upya.

Asubuhi yake Abdulmajid akautuma ule wimbo kwenye simu ya Laurenti. Scholastika akaichukua simu, hasira zimemkaba, akapanda nayo mpaka kwenye migomba ya juu ambako hakuna wa kuitikia. Akaiweka sikioni. Na kweli, ilikuwa sauti yake, changa kuliko alivyodhani, haina woga hata kidogo. "Kaka, shamba umelikuta," ikaimba, ikanyamaza, ikaacha nafasi.

"Na utaliacha!" Scholastika akajibu kwa koo lake bovu, kwa nguvu zote zilizobaki. Koo likamchelewesha; alipomaliza kujibu, mstari wa pili ulikuwa umeshapita.

Machozi ya hasira yakamtoka. Akaurudisha wimbo mwanzo, akajiziba mdomo kwa kiganja, akasikiliza tena. Akajibu vilevile, ndani ya kiganja.