Baada ya Kunawa

Mwanangu anaishi Buffalo, mimi naishi Louisville. Tukitaka kuonana tunakutana Columbus, mji ambao si wake wala si wangu. Mimi naendesha saa tatu na kitu, yeye anaendesha tano. Kila mara namwambia kwamba hiyo si nusu ya njia, na kila mara ananijibu kwa Kiingereza kwamba yeye bado kijana. Kwa kawaida huwa mara mbili kwa mwaka. Mwaka jana ilikuwa mara moja.

Safari hii ya Machi niliiomba mimi. Nilimpigia simu nikamwambia, njoo Columbus, nina neno. Akauliza neno gani. Nikasema si la simu. Neno lenyewe lilikuwa hili: tangu mama yake afariki nimekaa peke yangu miaka mitatu katika fleti ya vyumba viwili hapa mtaa wa Iroquois, na nilitaka kumwomba nihamie kwake. Si kumtembelea. Kuhama kabisa, na masufuria yangu.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, katika nyumba yao ya kutunzwa huko Shively. Nawaogesha, nawavisha soksi, nawalisha wale ambao mikono inatetemeka. Ni kazi ya halali na siionei haya. Lakini nimefika miaka sitini na moja, na Jumapili moja nilipokuwa namfunga mzee mmoja vifungo vya shati aliniuliza kama mimi ndiye mwanawe. Nikamjibu ndiyo, maana saa za wageni zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyekuja. Niliporudi nyumbani nilikaa ndani ya gari mpaka shingo ikaniuma. Sitaki kupamba maneno: niliogopa. Sikutaka kuja kulishwa kijiko na mtu asiyejua hata naitwa nani.

Mtu pekee niliyemweleza ni jirani yangu, mama wa Kikongo anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo. Aliniletea sombe, kisamvu cha kwao, siku moja kabla ya safari, akasimama mlangoni kunipa maagizo.

"Bon, muzee, unafika, unasema. Ni mutoto yako, hatakukula. Donc usikae na maneno kwa roho."

Nikamwambia nimesikia. Rahisi kwake. Sisi tuliolelewa Tanga ya wakati ule tunazunguka mbuyu mara saba ndipo tuseme habari za asubuhi.

Mkahawa aliuchagua mwanangu. Alisema tunakwenda kula katlesi za Kijapani. Mimi katlesi ninazozijua ni zile za futari, viazi nje, nyama ya kusaga ndani, limau pembeni, na njia nzima nikawa najiuliza Mjapani na katlesi wamekutana wapi. Kumbe ni kitu kingine. Ni mnofu mzima unaopigwa ukawa bapa, unagaragazwa kwenye chenga za mkate, unakaangwa mpaka unasimama miiba, kisha unakatwa vipande virefu kabla ya kuletwa. Wenyewe huupenda wa nguruwe. Nilipousoma ukutani nikamtazama mwanangu, naye akasema upesi kwamba kuna wa kuku, na kwamba alikuwa amepiga simu juzi kuuliza kama kuku anakaangwa kwenye mafuta yake peke yake. Aliambiwa ndiyo. Nikasema bismillahi, mengine nikamwachia Mungu. Lakini ile simu yake ilinigusa. Nikaona dalili ni njema.

Dalili ya pili ilikuwa vitambaa. Kabla ya kitu chochote, binti aliyekuwa akituhudumia alituletea vitambaa viwili vya moto vilivyoviringishwa, kila kimoja kwenye kisahani. Nilifuta mikono mpaka kwenye viwiko, mwanangu akaangalia pembeni. Nikajisemea, hawa ni watu. Miaka kumi na minane niko nchi hii, ndiyo mara ya kwanza mkahawa uninawishe.

Hapo ndipo nilipojipangia. Nyumbani kwa baba yangu shida hailetwi mbele ya chakula. Mnakula, mnashukuru, maji yanapita mara ya pili, mnanawa, na mwenye neno ndipo analitoa. Nami nilimlea mwanangu hivyohivyo. Aliwahi kuja mezani na barua ya shule iliyosema amefeli hesabu, machozi yanamlengalenga, nikamwambia kula kwanza. Basi nikaamua: kitambaa cha pili kikija tu, nasema. Nikatulia kabisa.

Chakula kilikuja kwenye trei, kila mtu na yake. Wali wao umeshikana kama wa mgonjwa, Mungu anisamehe. Kulikuwa na kabichi iliyokatwa nyembamba mno, bila chumvi bila ndimu, na supu kwenye kibakuli cha mti. Halafu kulikuwa na kinu kidogo chenye ufuta na mchi wake. Nilidhani jikoni wamezidiwa na kazi wanaomba msaada. Mwanangu akanionyesha: unautwanga mwenyewe, unamimina sosi juu yake, unachovya. Nikatwanga. Kwa kutwanga sijambo. Nilitwanga wangu, nikavuta na wake nikautwanga, akacheka, na kwa muda ule mfupi tulikuwa watu wa nyumba moja.

Kuku alikuwa mtamu, nakiri. Nje analia kama bisi, ndani laini. Tulikula kimya, kimya kile cha nyumbani ambacho hakimdai mtu kitu. Aliniuliza shinikizo la damu linaendeleaje. Nikamwuliza kazi kiwandani Tonawanda ikoje. Nzuri, nzuri. Kabichi yangu ilipokwisha binti akaniongeza bila kuniuliza. Nami siachi chakula cha mtu sahanini, nikaimaliza, akaongeza tena. Mara ya tatu mwanangu akamwambia inatosha.

Akaja kuondoa vyombo. Nikaweka mikono mezani, viganja juu, tayari. Nilishatafuta na sentensi ya kwanza: mwanangu, nyumba yako ina vyumba vingapi? Binti akarudi. Alileta karatasi ya malipo. Mwanangu akalipa kwa kadi kabla sijafungua kinywa, akatazama simu yake, akasema kuna theluji inaingia kutoka ziwani na angependa kuwa amepita Cleveland kabla yake.

Mimi bado nimekaa.

"Dad, unasubiri nini?"

"Kunawa."

Akanionyesha mlango wa choo.

Nikaenda, ningefanya nini? Nikanawa kwa sabuni, peke yangu, mbele ya kioo. Nikaisema ile sentensi kwa sauti, mara mbili, ikatoka vizuri. Nikapiga moyo konde. Niliporudi, meza yetu ilishafutwa na mwanangu amesimama karibu na mlango, koti limefungwa mpaka shingoni, funguo mkononi. Mezani pangekuwa rahisi. Kumwomba mtu aliyevaa koti ni kumzuia njia, na mimi sikuwahi kumzuia mwanangu njia tangu azaliwe.

Tukatoka. Magari yetu yalikuwa yameegeshwa sambamba, langu la namba za Kentucky na lake la New York. Upepo ulikuwa mkali. Akasimama kati ya magari, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni sawasawa. Nikaona hakulala vizuri. Sijui niliwezaje kukaa naye saa nzima nikala kuku nisilione hilo.

"Ulisema una neno, Dad."

Nafasi ndiyo hiyo, nimepewa mkononi. Jirani yangu angekuwa ameshasema. Nami nilimtazama, macho mekundu, barabara ya saa tano mbele yake, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hamna. Nilitaka kukuona tu."

Akashusha pumzi. Niliiona, kwa sababu ya baridi ilitoka nyeupe, ndefu, na mabega yakamshuka. Akacheka. Akanikumbatia kwa nguvu kuliko alivyonikumbatia alipofika, akanipigapiga mgongoni. "Nilidhani," akasema, akaishia hapo.

Sikumwuliza alidhani nini. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa hapana. Sikujiandaa kumwona akiitoa hapana hiyo kwa pumzi tu, kabla sijamwomba kitu. Nikamwambia aende, theluji isimkute njiani, na akifika anipigie. Akaenda.