Nyayo Nyuma ya Ntandu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila mwaka mtama unapoanza kukauka shambani, na kila ikinirudia naona aibu ileile niliyoiona nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Sijawahi kuisimulia yote. Bibi yako anaijua nusu, na hiyo nusu niliipamba. Leo nitaisema mpaka mwisho, na aliyenilazimisha ni wewe na ile simu yako.

Uliponitembelea hapa Ilongero mwezi uliopita ulinionyesha rais wa nchi moja ya mbali. Alikuwa jukwaani anacheka, anawaita nusu ya wananchi wake maadui, anasema majaji wanaompinga watamtambua, kisha anawanyooshea kidole waandishi wa habari mpaka umati unawazomea. Wewe ulikuwa unanitafsiria huku umefurahi. Ukaniambia, "Babu, na sisi huku tunahitaji mtu kama huyu. Anaamua, hazunguki." Mimi nikakuuliza kama utakunywa chai. Jibu lilikuwepo, ila lilitaka kwanza niseme nilichofanya mimi, na hapo ndipo mdomo ulipokuwa mzito.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Ntandu. Kwao na kwetu palitenganishwa na njia ya ng'ombe tu. Tulichunga pamoja, tukatahiriwa mwaka mmoja, lakini kilichotuunganisha hasa kilikuwa kupura mtama. Ninyi mmezoea mashine inayovutwa na trekta, mtu anaweka gunia na kusubiri. Sisi tulipura kwa magongo. Masuke yanamwagwa uwanjani, watu wanasimama safu mbili zinazotazamana, hawa wanainua wakati wale wanashusha, na kila mtu ana mwenzake wa upande wa pili. Ukikosea unamvunja mwenzako vidole. Kwa hiyo humchagui mtu wa kupura naye kwa sura, unamchagua yule ambaye unajua gongo lake litashuka wapi. Mimi na Ntandu tulipura misimu mingi na hatukuwahi kuumizana, ingawa kutwa nzima tulikuwa tunabishana. Alikuwa mbishi huyo. Ukisema leo jua kali, atakuuliza kali kuliko la lini. Nilikuwa naudhika mpaka narudi nyumbani bila kuaga, na kesho yake mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika kwao.

Mwenyekiti wa kitongoji chetu alikuwa Mzee Msengi. Sitamsingizia, ni yeye aliyetuletea kisima cha pampu. Kabla ya hapo mama zetu walikuwa wanafukua mchanga kwenye korongo na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Tulimpenda kweli kweli, na alistahili. Mambo yalianza kuharibika pale alipotaka kuligawa bonde letu la malisho. Ntandu alisimama mkutanoni akauliza bonde litagawiwa nani, na ameamua nani. Lilikuwa swali la kawaida. Mwenyekiti hakulijibu. Aliwageukia watu akasema siku hizi kitongoji kina watu wa aina mbili, wanaotaka maji na wanaotaka wenzao wafe kwa kiu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mwanangu, nikiwa nimekaa ubavuni pa Ntandu.

Tangu siku hiyo mtu akiuliza jambo lolote aliitwa mtu wa kiu. Lilianza kama utani. Kisha kule kisimani wanawake wa nyumba fulani wakawa wanaambiwa wasubiri mpaka wengine wamalize. Hakuna aliyetoa amri, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mwenyekiti alikuwa amesema neno tu, sisi wenyewe tukamalizia kazi.

Ulipokaribia uchaguzi wa kitongoji, wazee wachache walimwomba Ntandu agombee, akakubali. Sasa sikiliza tulivyokuwa tunachagua. Kila mtu mzima alipewa punje moja ya mahindi. Aliingia peke yake kwenye nyumba ambamo viliwekwa vibuyu viwili, kila mgombea na chake, akatumbukiza punje yake anapopenda, akatoka. Ndani ya vibuyu kulitiwa pamba, ili punje ikianguka isisikike imeangukia wapi. Wazee wetu waliofikiria kutia ile pamba walikuwa watu wenye akili. Mkwe aliweza kumkataa mkwe wake na jioni wakala chungu kimoja.

Wiki chache kabla ya uchaguzi Mwenyekiti aliniita kwake. Nilipewa kiti, mkewe akaniletea maziwa ya mgando, nikajiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi akaniita msomi. Aliniambia, "Mtu mkweli anaenda kuficha nini ndani ya nyumba? Wewe una lugha nzuri. Simama mkutanoni useme tupange mistari, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, tumalize mapema watu wakalime." Kisha akazungumzia mambo mengine, na katikati ya hayo mengine akasema pampu inahitaji mtunzaji kijana. Hakusema mtunzaji huyo atakuwa mimi. Alijua nitajisemea mwenyewe.

Nikasimama. Nilisema vizuri mno. Nilisema punje na vibuyu ni mambo ya kizamani, nikasema anayejificha ana jambo, nikasema na sisi twende na wakati. Ntandu alinitazama akitabasamu kidogo, alidhani ni ule utani wangu na kwamba mwishoni nitaugeuza. Sikuugeuza. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, makofi yakalia, na nani anapinga hakuuliza.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe Ntandu alipita nyumbani. Aliniuliza moja kwa moja kama nitasimama nyuma yake. Nikamjibu, "Hilo nalo la kuuliza?" Tukacheka, akaenda zake. Nakuapia kwamba wakati nasema vile nilikuwa namaanisha.

Asubuhi mimi ndiye niliyechora mistari uwanjani kwa majivu. Wagombea waliwekwa mbele na kuambiwa wageuze migongo wasione nani anasimama wapi. Ndiyo heshima pekee tuliyokuwa tumeibakiza. Ntandu aligeuza mgongo, akakaa hivyo. Mwenyekiti naye aligeuza, ila kila mara alikuwa anapinda shingo na kuwasalimia watu kwa majina. Mama yake Ntandu alitangulia kusimama nyuma ya mwanawe. Akafuata mzee mmoja wa kurina asali, mtu ambaye hakuwa akimwogopa yeyote kwa kuwa hakuwa na kitu cha kunyang'anywa. Kisha nikaenda mimi. Nilitembea mpaka karibu kabisa na mgongo wa rafiki yangu, nikaliona shati lake lilivyoshonwa kiraka begani. Hapo Mwenyekiti akapinda shingo. Hakunikunjia uso, alinitabasamia tu. Nikavua viatu vyangu kama mtu aliyeingiwa na mchanga, nikavishika mkononi, nikavuka peku kwenda kwenye ule mstari mrefu.

Kuhesabu hakukuchukua muda. Walipoambiwa wageuke, Ntandu aliutazama mstari wake, akawaona wale wawili. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Alikwenda kumpa Mwenyekiti mkono, akamshika mama yake, wakaondoka. Nilijiambia nitakwenda kwao jioni nikamweleze. Jioni ikapita, na ya pili, nami bado natunga maneno.

Mtama ulipokauka mwaka ule watu walipura kwa makundi. Waliokuwa upande wa Mwenyekiti walialikana wao kwa wao, na wale walioitwa watu wa kiu hawakualikwa na mtu. Mama yake Ntandu alikuja nyumbani ameshika gongo langu, lile nililokuwa naliacha kwao mwaka mzima. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Akasema, "Gongo lako hili, baba. Sisi tutapura wawili." Hakukaa. Nilisimama pale nimelishika mpaka mama yangu akaniuliza nasubiri nini. Kabla ya mvua Ntandu alihamia Shelui, akaanza kwa kupakia mizigo kwenye malori, na baadaye mama yake akamfuata.

Kazi ya pampu niliipata. Uchaguzi uliofuata Mwenyekiti hakuwa na mpinzani, na ule wa baada yake haukufanyika, wala hatukuuliza. Bonde likaenda kwa shemeji zake. Mikutano ilikuwepo, ila tulikuwa tunakwenda kusikiliza. Siku moja niliona pampu imeanza kusaga vyuma, nikamwambia Mwenyekiti kwamba tusipoifungua na kuitengeneza itakufa. Akanitazama, akasema anaona na mimi nimeanza kushikwa na kiu. Nikacheka kinafiki, nikaondoka. Pampu ilikufa msimu uleule, na mama yangu akarudi korongoni kufukua mchanga. Ndani ya kitongoji kizima hapakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini. Aliyekuwa na ubishi wa kutosha alikuwa Shelui anabeba magunia, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Miaka ikaenda, mwanangu. Nikaoa, nikazaa, Mwenyekiti akafa tukamzika kwa heshima, wakaja wengine. Mwaka jana, baada ya kuvuna alizeti, nilipanda basi hapo Singida mjini nikashuka Shelui. Nilimkuta Ntandu nje ya duka lake la mafuta, ana mvi kama mimi, mguu mmoja unamsumbua. Aliniona nikivuka barabara. Alisimama, akaniletea kiti, akaweka mto juu ya kiti. Akamwagiza mjukuu wake soda. Aliniuliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, akashukuru kwa kila jibu. Nilisema mvua mwaka huu imekuwa mbaya kupita zote, nikangoja aniulize kupita za lini. Akasema, "Kweli, imekuwa mbaya."

Hapo nikajua nimepoteza nini. Ningefurahi angenitukana. Ningefurahi angenifukuza na lile gongo la kupuria. Yeye alinikaribisha kama mgeni.

Nikamwomba radhi. Nilisema maneno yote niliyokuwa nimeyatunga tangu ujana, yakaisha upesi kuliko nilivyodhani. Aliangalia malori yanavyopita. Kisha akasema, "Siku ile nilizisikia nyayo zako zikija. Nazijua. Sikuzisikia zikiondoka. Kwa hiyo mpaka tunaambiwa tugeuke, mimi nilikuwa nimesimama pale nikijua upo."

Akanisindikiza mpaka kituoni, akangoja mpaka basi likaondoka. Namba yake ninayo. Nikimpigia anapokea, ananiuliza hali, anasema, "Ahsante kwa kunikumbuka." Habishi. Ningetoa ng'ombe wangu wote wanne abishe mara moja.

Sasa nikuambie nilichoshindwa kukuambia siku ile kwenye chai. Huyo rais wa kwenye simu simjui, na nchi yake sitaiona. Ninaowajua ni wale wanaompigia makofi, maana nilikuwa mmoja wao. Hawana roho mbaya. Wengi wamechoka, wanataka maji, na mtu anayeamua upesi anapendeza sana kwa mtu aliyechoka. Siku kiongozi anapowagawa wananchi wake kuwa watu wake na maadui, usiangalie kama amekuweka upande wake. Angalia nani amewekwa upande wa pili, halafu jiulize huyo mtu alikuwa anasema nini kabla hajafungwa mdomo. Mara nyingi utakuta alikuwa ameuliza jambo la kawaida kabisa, kama la bonde.

Nina hofu, mwanangu, nayo sikufichi. Nawasikia vijana wa bodaboda hapo njia panda wakisema kura inachelewesha maendeleo, mahakama inachelewesha, maswali yanachelewesha. Ndivyo nilivyosema mimi nikiwa nimesimama mkutanoni na lugha yangu nzuri. Tulimaliza mapema siku ile, ni kweli. Watu waliwahi kulima. Lakini kile tulichokuwa nacho, cha kukataana mchana na kula pamoja jioni, hakijarudi kitongojini kwetu mpaka leo, na hakuna aliyetunyang'anya kwa nguvu. Tulikitoa wenyewe, na mimi ndiye niliyetoa hoja.

Basi nakuomba haya. Tunza mahali ambapo mtu anaweza kukataa bila kutazamwa. Tunza mkutano ambao anayepinga anaulizwa, hata kama atawachosha. Ukiwa na mwenzako mbishi, udhika naye, lakini usimwache. Na ukimpenda kiongozi, mpende ukiwa umekaa pale ambapo unaweza kumwambia pampu inasaga vyuma.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe nyumba yenye kelele za watu wanaopendana, akupe shamba na mvua ya kulitosha, akupe rafiki wa kukubishia mpaka uzeeni. Na siku ukimwona mtu wa haki amesimama peke yake amegeuza mgongo, anakungoja, Mungu akupe miguu ya kufika na moyo wa kubaki hapo.