Gari Lililoungwa Kabla Mwenyewe Hajafika

Wiki hii nilikwenda ofisi ya mizigo ya mabasi kule Nyakato kuchukua mchele niliotumiwa na binti yangu. Mbele yangu kwenye kaunta alisimama mzee mwenye mvi, anatabasamu peke yake, akingoja boksi lake.

Karani, mama wa makamo, akamwekea mezani pikapu ya plastiki ya ukubwa wa kiganja.

"Shikamoo baba. Pole, boksi lilipasuka, ndani tukakuta vipande vitupu. Nikaona aibu, nikanunua gundi, nikakuungia mwenyewe. Siku tatu!"

Mzee aligusa mlango wa kigari kwa kidole kimoja, kisha akakaa juu ya gunia la mtu.

"Mama, linauzwa hivyo hivyo, vipande. Unaunga mwenyewe, unapaka rangi, unaweka hadi vioo. Nimelisubiri tangu masika."

"Kwa hiyo ulinunua gari bovu makusudi?"

"Nilinunua kazi! Na wewe umeimaliza."

"Lakini limekaa vizuri, baba. Angalia matairi."

"Limekaa vizuri," alisema, na machozi yakamtoka.

Nimezeeka nikigombana na maofisi kwa kazi zisizofanyika, sikujua mtu mzima anaweza kulizwa na kazi iliyofanyika.

Zamu yangu ilipofika, karani aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimefuata mchele, na kama bado hajaupika, naomba anipe mbichi hivyo hivyo.