Simu Ilikuwa Mkononi Mwa Nani

Redio ilikubali baada ya mdogo wangu kufa.

Njia nzima kutoka Mbeya ilikuwa imekataa. Gari lilikuwa limeingia chini ya mkia wa lori la magogo, pale kwenye mipaini kabla hujafika Mafinga, na upande wa kushoto alipokuwa amekaa yeye haukuwa upande tena. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mguu umebanwa, siusikii. Kukawa kimya. Maji yalikuwa yanachuruzika mahali, sijui wapi. Ndipo ile skrini ya redio, imepasuka lakini bado inawaka, ikatoa mlio wake wa kukubali, na spika zikafunguka. Ilikuwa kwaya. Na sauti ya kuongoza ilikuwa ya kwake, mdogo wangu, anaimba ubeti wa kwanza kwa nguvu zake zote, na huku mwenyewe amelaza kichwa kwenye dashibodi hageuki.

Nilimwita. Wimbo ukaendelea.

Mume wake, shemeji yangu, ndiye aliyekuwa anaendesha. Alitokea mlango wake akakaa chini kwenye lami, anasema, "Zimeni. Jamani, zimeni." Nani azime? Simu ilikuwa imeangukia chini karibu na pedeli, pale miguu yake ilipokuwa. Niliiona kwa macho yangu, kioo kinawaka. Nakuomba wewe unayesoma ulishike hilo. Haikuwa kushoto. Ilikuwa chini ya usukani.

Sasa nirudi nyuma.

Gari lile lilikuja kutoka Japani na redio yake ya zamani, maandishi ya Kijapani asiyeyajua mtu. Ilikamata stesheni mbili, kwingine mkwaruzo. Tuliishi nayo vizuri tu. Mkwaruzo ukizidi tunazima, tunapiga soga. Lakini shemeji ni mzee wa kanisa, ana duka la vitanda, na wenzake wote anaokutana nao Mafinga kwenye mbao walishafunga redio za skrini. Naye akataka.

Fundi wake yuko Mwanjelwa, si mbali na ninapouzia maharage. Siku anamfungia, mimi na mdogo wangu tulikuwepo. Alipomaliza alijifuta mikono, akamwambia shemeji:

"Mzee, hizi redio kiwandani wanazitia kufuli. Gari likitembea haikuruhusu kuchezea kitu, mpaka uvute handibreki. Mimi ule waya wa handibreki nimeuua. Sasa video, simu, chochote, unafungua hata ukiwa mwendo mkali."

Shemeji akampiga bega. "Huyu ndiyo fundi!"

Mdogo wangu akauliza, "Na wao kufuli waliiweka ya nini?"

"Wazungu waoga tu, mama."

Tulicheka wote. Hata yeye alicheka.

Baada ya hapo gari likawa kama bwana harusi. Kila aliyefika nyumbani aliletwa akalione. Wazee wa kanisa waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akaunganisha simu yake, akapiga wimbo wake, akashuka anatikisa kichwa. Redio ikazikumbuka simu zote hizo. Ukija kuiwasha, inaanza kuwatafuta wazee wale kwanza, hata kama wako makwao wamelala, na simu ya mwenye nyumba inakuwa ya mwisho.

Tulikuwa tunakwenda Idodi, kwetu, binti wa kaka yetu anaagwa kwenda kuolewa. Kwetu mashangazi ndio wanaomtoa binti ndani kwa wimbo. Mdogo wangu alikuwa anaongoza kwaya, wimbo anaujua. Mimi ni mtu wa soko, siujui. Kwa hiyo aliuimba na kwaya yake, akaurekodi kwenye simu yake, akasema, "Dada, njia ni ndefu. Mpaka tufike Iringa utakuwa umeushika, hata kama una kichwa cha gunia."

"Gunia lenyewe ndilo linalokulisha," nikamwambia.

Tangu tunatoka Mbeya redio ilikataa. Kwanza ilitaka namba ya siri. Shemeji akaipa sifuri nne, ikakataa. Akaipa moja mbili tatu nne, ikakubali. Simu ikaandika imeunganishwa. Redio ikaandika hakuna kifaa. Na wimbo unatokea kwenye simu yenyewe, kasauti kama ka mbu ndani ya chupa.

Mdogo wangu akasema, "Hii ni kama ndoa zetu. Mmoja anasema tumeoana, mwenzake anasema huyu simjui."

Shemeji hakucheka. Tulipofika Igawa akatoa waya. Ule waya ulikuwa wa kuchajia tu, simu ikanywa umeme ikanyamaza. Akauchomoa, akaurusha nyuma ukanipiga gotini. Akarudi kwenye skrini. Anafuta simu ya mzee huyu, inatokea ya mzee mwingine. Gari linakwenda, jicho lake moja njiani, jingine kwenye kioo. Nilimwambia, "Shemeji, barabara." Akaniambia, "Dada, naiona."

Makambako tulisimama tukanywa chai. Hapo mdogo wangu alimwambia maneno ambayo nayakumbuka kama nilivyoyasikia, maana mimi ndiye niliyekuwa nimekaa katikati yao na chapati yangu.

"Baba watoto, hapa tumesimama. Unganisha hapa. Ikikataa, basi."

Akaenda kwenye gari, lilikuwa hapo mbele yetu, akajaribu kidogo. Ikakataa. Watu wa meza ya pili walikuwa wanamtazama, na mmoja wao alikuwa mtu wa mbao anayemfahamu, akamtania, "Mzee, umenunua redio au televisheni ya ukutani?" Nikamwona shemeji anabadilika uso. Akasema twendeni. Mimi nasema hadi leo, ule utani ndio uliotuua, ila aliyetania hajui, na simlaumu.

Tulipoondoka pale mdogo wangu alizima wimbo. Akasema, "Acha sasa. Tutaimba kwa mdomo. Dada, fuata." Akaanza kuniimbia ubeti, mimi nafuata nyuma yake, nakosea, ananirudisha. Nilikuwa nimeanza kuushika. Tumeingia kwenye mipaini, ukungu wa Mufindi umelala barabarani, asubuhi imeshaiva lakini taa zote za magari zinawaka.

Shemeji akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe hiyo simu."

"Acha, baba watoto. Si tunaimba?"

"Nipe. Haiwezi kunishinda."

Akaichukua mapajani kwa mkewe. Hakupewa. Aliichukua.

Kuna jambo inabidi nilieleze kwa asiyezijua njia hizo. Nchi hii nzima gari likiharibika, mwenye gari anakata matawi anayalaza barabarani, na anayekuja akiona matawi anapunguza mwendo. Hata mtoto anajua. Lakini pale Sao Hill, kwenye mipaini hiyo, matawi hayana maana hiyo. Malori ya magogo yanapita kutwa, yanaangusha vitawi vya mipaini kila hatua, barabara ina majani kama sakafu ya seremala. Mtu wa kule akiona tawi la mpaini haoni kitu. Shemeji, mtu wa mbao, ndiye aliyezizoea njia hizo kuliko sisi. Mimi niliyaona matawi, yamepangwa. Nikasema, "Shemeji, matawi." Akajibu bila kuinua kichwa:

"Ya malori hayo."

Lori lilikuwa limepasuka tairi, limeachwa kwenye njia yetu, halina pembetatu nyekundu, halina taa. Mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta tairi. Huyo naye namtaja hapa ingawa sijawahi kumwona uso: wewe uliyeweka matawi ya mpaini mahali ambapo barabara yote ni matawi ya mpaini. Ungeweka jiwe. Ungetundika hata shati lako.

Shemeji alipoinua kichwa alikata usukani kulia. Kwa hilo simlaumu. Mkono wa mtu ukiona kifo haumuulizi mwenyewe. Lakini kulia ni kwake, na kushoto alikaa mke wake.

Mimi nililazwa Mafinga, mguu ukatiwa chuma. Mdogo wangu wakamzika Idodi mimi niko kitandani. Yule binti aliyekuwa aagwe ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza, nimeambiwa. Wimbo wa mashangazi haukuimbwa, maana mashangazi wenyewe ndio sisi wawili.

Siku chache baadaye akaja wifi yangu kuniona. Mazishi alikuwa ameyarekodi kwenye simu yake, akanishikia kioo nione. Niliona jeneza, niliona watoto wa mdogo wangu, nikaona shemeji ana bandeji kwenye paji la uso. Ukafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Wakasoma alikozaliwa, alikosoma, kwaya yake, ndoa yake. Halafu msomaji akasema kwamba marehemu alifikwa na mauti kwa ajali ya gari, alipokuwa akihangaika kuunganisha simu yake na redio, akamtoa dereva kwenye umakini.

Nikamwambia wifi, "Rudisha hapo."

Akarudisha. Ikasema vilevile.

"Nani aliwaambia hivi?"

"Si shemeji yako mwenyewe? Ndiye aliyekuwepo."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Wifi akafunga simu akaanza kunimenyea chungwa.

Ndivyo wasifu ulivyosomwa, na maneno yaliyosomwa kaburini hayafutiki kirahisi. Niliporudi Mwanjelwa na mikongojo nikakuta yameshanitangulia. "Pole mama. Ndiyo yule mdogo wako wa muziki?" Mhubiri mmoja akamfanya mfano kanisani: kina mama, simu zinaua, mnamjua dada yetu. Mtoto wa mwisho wa mdogo wangu, ambaye sauti ni ya mama yake kabisa, ameacha kwaya. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Mama mkubwa, ule wimbo ndio mama alitaka kutuulia baba." Nikakaa chini. Langu asingeliamini mbele ya la baba yake.

Kwa fundi nilikwenda. Hakunikumbuka. Nikamkumbusha waya alioua. Akasema, "Mama, wateja wenyewe ndio wanaoomba. Nikiuacha ule waya, kesho anarudi kunitukana kwamba redio mbovu." Alikuwa anafunga nyingine wakati anazungumza na mimi. Sikuuliza waya ameufanyaje.

Kwa shemeji nilikwenda pia. Nilimkuta karakana, anapiga randa ubao wa kitanda. Akaniletea kigoda, akaniamkia vizuri, akaagiza soda. Mtu wa heshima, hilo simnyimi.

Nikamuuliza, "Shemeji, simu ilikuwa mkononi mwa nani?"

Akaendelea na randa. "Dada, marehemu hasemwi."

"Umeshamsema."

Maranda yanaanguka miguuni kwake. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Nina watoto wa kulea. Nikisema ilikuwa mkononi mwangu, nafungwa. Wao wale nini? Yeye hafungwi. Ameshakwenda, jina halimuumi."

Sikunywa ile soda.

Nimefikiri sana juu ya jibu lile, na sitasema halina kitu ndani. Watoto wanakula, ni kweli. Wanasoma, ni kweli. Lakini wanakula huku wanamchukia mama yao. Kila siku wanapoketi mezani kwake wanakula na uongo ule. Kama jina halimuumi aliyekufa, linamuuma yule binti aliyeacha kuimba. Linaniuma mimi.

Simu anayo shemeji hadi leo, ile yenye ufa. Gari liliuzwa kwa vipuri. Redio sijui ilikwenda wapi, pengine iko kwenye gari la mtu mwingine inawatafuta wale wazee wa kanisa.

Mwaka huu baada ya mavuno ya mpunga tunakwenda Idodi kulijengea kaburi la mdogo wangu. Saruji imeshafika, na vigae, na msalaba umeshachongwa, kauchonga shemeji mwenyewe kwa mbao nzuri. Ukoo wote utakuwepo, na kwaya, na yule mhubiri, na watoto. Wasifu utasomwa tena, ndiyo desturi. Safari hii sitakuwa kitandani. Nitakaa mstari wa mbele na mguu wangu wa chuma.

Sikutaki gerezani, shemeji. Sitaki kitu chako chochote. Askari wana kazi zao, sitawaita. Nataka kabla msomaji hajafika kwenye yale maneno usimame, uvue kofia, uwatazame watoto wako machoni. Uwaambie mama yao alisema nini Makambako. Uwaambie alisema acha. Uwaambie alikuwa ananifundisha wimbo kwa mdomo wake, na mikono yake ilikuwa mitupu mapajani.

Halafu ujibu nililokuuliza karakana, nawe ukaendelea kupiga randa. Jibu mbele yao.