Ukianza na Salamu, Umekwisha

Kitu cha kwanza nilichomfundisha kaka yangu ni kuacha kusalimia watu. Kwenye simu, namaanisha. Alikuwa anaanza kila video na "Asalaam alaikum, habari zenu ndugu zangu, natumaini mko salama," na mimi nikimwangalia naona kabisa kidole cha mtu huko aliko kinamsukuma juu, kinakwenda kwa mwingine.

"Ukianza na salamu, umekwisha," nikamwambia. "Anza kwa kumtukana."

"Nimtukane nani?"

"Huyo anayekuangalia. Mwambie, wewe unayelala mpaka saa mbili, ndiyo maana maisha yako yamekaa hivyo."

Akacheka. "Wewe na huo mdomo wako." Lakini akajaribu, na video ile ikatembea kuliko zote alizokuwa amefanya mwaka mzima. Toka siku hiyo hakuposti kitu bila kuniuliza.

Mimi hakuna mtu aliyenifundisha. Shule niliacha kidato cha pili. Nauza makava ya simu na chaja kwenye meza yangu Kisenyi, hapa Kampala, karibu na maduka ya jumla, na wateja wakipotea naangalia hawa watu wanaofundisha wenzao jinsi ya kujenga maisha. Wakenya, Watanzania, Wakongo. Nilikuwa na daftari. Nasimamisha video pale inaponishika, najiuliza, sasa imenishika kwa nini? Naandika. Nimejaza daftari mbili namna hiyo.

Niliona watu hawataki kuambiwa mambo kumi. Wanataka moja, na liwe la kufanya leo leo kabla ya chakula. Kesho ukiamka, usishike simu mpaka umetandika kitanda. Basi, imetosha. Niliona mtu akikaa kwenye kochi jeupe na kuanza kukufundisha maisha, unamchukia, lakini fundi mwenye grisi mikononi ukimsikia anasema kitu kile kile unatulia. Ndiyo maana kaka yangu sikumruhusu anawe. Yeye ni fundi wa magari, kila siku yuko chini ya gari la mtu, na grisi yake ni ya kweli.

Halafu nikaona kubwa kuliko yote. Lazima awepo mtu aliyeshindwa. Siyo wewe mwenyewe, wewe ulianguka ukainuka, hiyo kila mtu anayo. Namaanisha mtu aliyeanguka akabaki pale pale chini. Watu wanampenda mtu huyo kupita kiasi. Wanamwangalia na kusema, angalau mimi siyo yule.

Tulimtafuta mtu huyo. Tukampata nyumbani.

Baba yangu ni Mwacholi, mtu wa kaskazini. Aliingia polisi kijana mdogo, akafikia tepe mbili, koplo, akastaafu na tepe hizo hizo. Mama yangu ni mtoto wa Kisenyi, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja toka pwani na biashara. Walipooana mama hajui Kiacholi, baba Kiganda chenyewe kinamshinda, kwa hiyo nyumba yetu ikasimama juu ya Kiswahili cha kambi ya polisi. Mimi na kaka yangu tulizaliwa ndani ya lugha hiyo. Shuleni walitucheka, maana Kampala ukiongea Kiswahili watu wanashika mifuko yao, wanadhani wewe ni mwanajeshi au mwizi.

Shikamoo ilikuwa ya mama. Lakini baba aliipenda kumshinda mwenyewe. Anakwenda kanisani Jumapili, hajabadili dini hata siku moja, ila ukiingia kwake bila shikamoo hakuna neno utakalosema likasikika. Moto unaweza kuwa unaunguza nyumba. Utasalimia kwanza, atasema "Marahaba," ndipo utamwambia kuna moto.

Siku hizi ni mlinzi kwenye geti la jengo moja la maduka Ntinda. Ananyanyua kile chuma cha getini gari zipite, anakishusha.

Na alikuwa na utani wake mmoja. Tukikaa kula, mama akimuuliza kwa nini hakupata tepe ya tatu, anasema, "Mimi nililala. Kozi ya sajenti ilikuwa leo, mimi nikaamka kesho." Tunacheka mpaka wali unatutoka mdomoni. Tangu tukiwa wadogo. Anapiga na mkoromo kabisa.

Mimi ndiye niliyeandika. Nataka hilo lieleweke. Kaka yangu aliposti, lakini maneno ni yangu yote: "Baba yangu alilala siku moja. Moja tu. Leo ni mzee na anafungulia geti watoto waliozaliwa juzi. Wewe unayelala, huyu ndiye wewe." Tulirekodi Jumapili mchana nyuma ya nyumba, baba yuko kazini. Nyuma ya kaka yangu nilitundika mkanda wa baba wa polisi, ule unaokaa ukutani ndani, anaoung'arisha mpaka leo.

"Akiona je?" kaka yangu aliniuliza.

"Ataona wapi? Nani Kampala anasikiliza Kiswahili? Hii inakwenda Nairobi, inakwenda Goma."

Watoto wa kambi sisi, tukasahau kambi. Hivi nani anakaa kwenye mageti ya mji huu wote, mlango wa kila benki na kila duka kubwa? Mapolisi wastaafu. Wanajeshi wastaafu. Wanakaa kutwa nzima na simu mkononi, na lugha yao wote ni hiyo hiyo.

Video ikalipuka. Sijui neno lingine. Meza yangu ilikuwa inatetemeka kwa simu kulia. Mtu mmoja wa Nairobi akaandika anamtaka kaka yangu aende akaongee na vijana, ukumbini, watu wamekaa kwenye viti. Kaka yangu alinikumbatia katikati ya gereji, grisi yote ikabaki kwenye gauni langu, nami nikazidi kumkumbatia. Maana alikuwa anataka kutoka chini ya yale magari, na ni mimi niliyekuwa namtoa.

Kuna mtu aliandika chini ya video: "Baba yako alikulea mjinga." Nilipigana na huyo mtu toka saa saba mpaka saa kumi na moja. Nilimwita majina ambayo mama yangu akiyasikia ananifukuza. Wateja walikuja wakaondoka. Kaka yangu hatukanwi mbele yangu, nilizaliwa hivyo. Leo nikikumbuka, katika wote walioandika pale, huyo mmoja tu ndiye niliyepaswa kumsikiliza.

Alhamisi ya wiki hiyo baba alirudi jioni toka kazini. Nikamwambia, "Shikamoo baba."

Akavua viatu.

"Baba, shikamoo."

Akamwangalia mama, akasema, "Apwoyo." Hiyo ni salamu yao ya Kiacholi. Halafu akanigeukia mimi. "Mina pii."

Pii ni maji, hilo nalijua. Maji, chakula, njoo, hapana. Kiacholi changu kinaishia hapo. Nilidhani ni utani, nikamletea maji nikicheka. Akanywa, akarudisha kikombe, akaenda kulala.

Hakuongea tena Kiswahili ndani ya nyumba. Wiki tatu. Hakupiga kelele, hakumpiga mtu, mkanda wake aliutoa ukutani akauweka kwenye sanduku, basi. Akitaka kitu anasema kwa lugha yake, tusipoelewa anainuka anachukua mwenyewe. Kaka yangu alimuuliza mara moja, "Baba, umekasirika?" Baba akamjibu sentensi ndefu, taratibu, kwa upole kabisa, na hatukuelewa hata neno moja. Mama alikuwa anajaribu na maneno yake machache, anaokota huku na huku. Nyumba ilikuwa kama ya wageni watatu na mwenyeji mmoja. Kila asubuhi nasema shikamoo, na shikamoo yangu inabaki hapo hewani. Kama hujawahi kunyimwa hilo jibu huwezi kujua. Afadhali kofi.

Jumamosi moja mama alikuwa anachambua mchele uani. Nikakaa chini naye. Akasema bila kuniangalia, "Na nyinyi mnadhani alilala kweli?"

"Si anasema mwenyewe?"

"Anasema." Akatoa jiwe, akalitupa. "Kaka yako alikuwa na miaka miwili, wewe hujazaliwa. Alfajiri hiyo akashikwa na degedege. Macho yamegeuka. Lori la kozi liko nje ya kambi linapiga honi, linamsubiri yeye tu. Baba yako akapita mbele ya lori na mtoto mikononi, akaenda kwa miguu mpaka hospitali huko Mengo."

"Mama! Kwa nini anasema alilala?"

"Ulitaka amwambie mtoto kwamba sababu ni yeye?"

Sasa nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu. Kabla sijalia, kabla ya chochote, kichwa changu kilisema: honi. Anza na honi ya lori. Sekunde tatu za kwanza, honi inapiga, mtu haondoki hapo. Nilijichukia. Lakini kilisema.

Nikaenda gereji. Kaka yangu alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamsimulia nikiongea na miguu yake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akakaa chini, akaangalia mikono yake, nami nikasema moyoni, vizuri, sasa twende Ntinda wote wawili tukapige magoti pale getini.

Akajifuta machozi na bega.

"Sehemu ya pili," akasema.

"Nini?"

"Hii ndiyo sehemu ya pili. Fikiria. Wote wanaomcheka mzee wanageuka kulia. Tunaanza na honi."

Niliokota spana nikaitupa. Ikapiga rimu.

"Nyabo! Wewe dada!" fundi mmoja akapiga kelele. "Gari la mteja hilo! Kama ni bwana amekuudhi, mpige yeye!"

"Siyo bwana, ni kaka yangu! Wewe funga nati zako!" Nikamgeukia kaka yangu. "Huna haya? Ni wewe ulikuwa mikononi mwake!"

"Ndiyo maana ni stori yangu!" Alikuwa amesimama sasa. "Nani alinifundisha? Si wewe? Usinawe, usisalimie, tafuta aliyeshindwa. Leo unajifanya mtakatifu?"

Hapo mikono yangu ndiyo iliyojibu. Ukurasa wake wa video ulifunguliwa kwa namba yangu. Nilitoa simu nikaifuta ile video mbele yake, anaona.

Hakunipiga. Alisema taratibu tu, "Mtu wa Nairobi ananiita kwa ajili ya hiyo." Halafu akarudi chini ya gari, na mimi nikabaki na miguu yake.

Nilipanda boda mpaka Ntinda. Nikasimama ng'ambo ya barabara. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiwa kazini. Kila gari linaloingia anainama kidogo, "Karibu bosi, habari ya leo." Wengi kioo hakishuki. Linalotoka, "Asante, safari njema." Hakuna jibu. Anakishusha chuma, anakinyanyua, anamsalimia wa pili kana kwamba wa kwanza alimjibu.

Likaja gari na kijana kwenye usukani, kioo kiko chini. Akamwangalia baba, akampiga mwenzake begani, akakunja sauti yake kuwa ya kaka yangu. "Wewe unayelala, huyu ndiye wewe!" Wakafa kwa kicheko.

Mimi nilikuwa nimeifuta. Yeye alikuwa nayo mdomoni.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nakumbuka kupiga boneti na viganja vyote viwili. "Toka nje! Toka urudie!"

"Huyu naye ametoka wapi tena?" kijana akauliza.

"Hayo maneno ni yangu! Mimi ndiye niliyeandika, mjinga wewe! Nani amekupa ruhusa?"

"Ondoa mkono kwa gari ya mtu."

Nilipogeuka ndipo nikagundua ni baba, na ni Kiswahili, kile chake cha kambi. Nikaondoa mikono. Akanyanyua chuma. "Karibu bosi," akamwambia yule kijana. Gari likaingia, hawacheki tena.

Akanisogelea. "Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Kaka yako nilijua. Wewe sikujua." Akaangalia barabara. "Na umefika hapa hata salamu hakuna."

"Shikamoo, baba."

Honi ikapiga nyuma yake. Akarudi kwenye chuma. Kulikuwa na foleni, gari tano, sita, na zote alizisalimia, moja moja, mimi nimesimama pale kwenye jua na shikamoo yangu. Nilishasema moyoni kama hatajibu sitaondoka, watakuja kunifukuza. La mwisho lilipopita akashusha chuma, akajifuta paji la uso na mkono.

"Marahaba," akasema. "Rudi nyumbani. Mwambie mama yako leo nachelewa kutoka."

Hakuniangalia. Sijui kama ilikuwa ni kusamehe au ni mazoea tu ya mtu anayesalimia kila gari. Nimeigeuza na kuigeuza na bado sijui.

Nyumbani nikampa mama ujumbe wake. Akasimamisha mikono.

"Amesema kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye kazi yake. Baadaye akauliza, "Na kaka yako, anakuja kula?"

Simu yake nilipiga, haishikwi. Mpaka leo anakula gereji.