Sauti ya marehemu mama tuliikuta kwenye akaunti ya fundi simu

Wakuu, kwema?

Siku ile tulikuwa watano dukani Vigwaza: mimi, mdogo wangu Shabani, kitinda mimba wetu Zuhura, mama mdogo Tatu, na Kassim mwenye duka. Nawataja mapema kwa sababu Shabani yumo humu jukwaani. Nikiongeza chumvi ataniumbua.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Baba alitangulia, mama akafuata, Zuhura akiwa bado ananyonya. Nikaacha shule kidato cha pili, nikaanza kukaanga samaki hapa Kerege. Mpaka leo nakaanga, na wadogo zangu wanasoma.

Mama alimiliki simu moja tu ya kupangusa. Iliibwa msibani kwake.

Ndiyo, msibani.

Picha zote zikaenda nayo. Zuhura amekua akimjua mama kwa picha ya kitambulisho, uso umekazwa kama kaitwa polisi. Sauti ndiyo haijui kabisa.

Sasa hii kampuni kubwa ya kutafuta vitu mtandaoni, wote mnaijua. Mimi nilikutana nayo intaneti kafe ya Bagamoyo, enzi za shule. Ukurasa mweupe, kisanduku kimoja, unauliza unajibiwa, basi. Sikuona ilivyokuwa inakua. Ikaleta barua pepe, ramani, video, mwisho ikaingia ndani ya simu yenyewe. Ukiiwasha tu, inakuuliza akaunti.

Mwaka huu nilibadili simu. Nilipoingiza akaunti yangu, picha za zamani zikarudi zenyewe. Samaki waliungua siku hiyo. Nilikuwa nawaza: za mama je?

Tatizo, mama hakuwahi kufungua akaunti. Mnakumbuka ilivyokuwa: unanunua simu, fundi anakufungulia kila kitu, wewe unakabidhiwa imeshawaka. Nilichokumbuka ni jina la duka la Bagamoyo mjini alikonunua. Nikalitafuta. Ramani ikaleta duka, limeandikwa limefungwa kabisa, ila kuna mtu aliwahi kupiga picha bango lake, na bango lina namba.

Nikapiga. Akapokea Kassim, yule fundi mwenyewe, siku hizi anauza spea za pikipiki Vigwaza. Nikamweleza shida yangu.

"Dada'ngu, usinicheke," akasema. "Wateja wote niliwawekea akaunti moja. Yangu."

"Wote?"

"Wote! Kila mtu nimfungulie yake, ningelala dukani? Tena umeniwahi, nilikuwa naifuta. Imejaa."

Nikamwomba asiguse kitu.

(Hapo ndipo nilielewa kwa nini mama alikuwa na majina ya ajabu kwenye simu. Alikuwa akilalamika, "Huyu Fundi Bomba Mlandizi ni nani, na ananitakia nini?")

Jumamosi tukaenda. Kassim akafungua, na wakuu, ilikuwa kama kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Mbuzi, vichanga, vyeti, harusi, mguu wa mtu una kidonda. Bagamoyo nzima imechanganywa humo.

Picha za mama tulizitambua. Kuku wake. Sisi. Mlango wetu. Kuku tena. Yeye mwenyewe hayumo hata moja, maana mpiga picha ndiye alikuwa yeye.

Mama mdogo akaanza kulia. Shabani akanishika bega, "Dada, twende. Umejitahidi."

Nikakataa. Nikaendelea kushusha ukurasa kwa kidole.

Tukafika kwenye video ya harusi ya watu tusiowajua. Uani, masufuria ya pilau, moshi. Halafu sauti:

"Toa simu yako hapa wewe, itatumbukia kwenye sufuria, bwana harusi aje atafune betri!"

Wanawake wakaangua kicheko. Zuhura naye akacheka, akauliza, "Huyu mwenye maneno ni nani?"

Mama mdogo akafuta machozi. Akasema, "Mama yako huyo."

Zuhura akasema, "Rudisha."

Tukarudisha, tukarudisha, mpaka Kassim akajifanya ana mteja nje.

Nilichojifunza: ukinunua simu, fungua akaunti yako kwa namba yako, na mtu mmoja wa nyumbani alijue neno la siri. Nasema kwa moyo wote. Lakini Kassim angefanya kazi yake sawasawa, video ile isingetufikia kamwe. Haya mawili sijaweza kuyapatanisha. Mwenye mawazo aandike, nasoma yote.

Kassim hafuti tena. Anawatafuta wateja wake wa zamani, kila mtu achukue chake.

Ila mwenye ile video hajapatikana. Bibi harusi anaonekana kidogo tu mwishoni, gauni la kijani, miwani. Mama mdogo anasema mama alipika harusi nyingi mno, Kerege mpaka Mbegani, hawezi kujua ni ipi. Nimeuliza sana.

Kuna mwanamke mahali fulani asiyejua kwamba hapa Kerege mtoto anaisikiliza harusi yake kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Huyo bado sijamlipa.